Maoni ya washarika kuhusu askofu ajaye: shajara ya mradi

Oktoba, wiki ya kwanza

Barua za uteuzi zimetoka. Askofu wetu anastaafu mwakani, na Halmashauri Kuu ya dayosisi imeunda timu ndogo ya kukusanya maoni ya washarika kabla Mkutano Mkuu haujakaa kuchagua. Nimepewa ukatibu. Wenzangu ni wachungaji wawili, mmoja wao akiwa mwenyekiti, mwinjilisti mmoja, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mama Mwalimu, na kijana mmoja wa takwimu.

Dayosisi siitaji. Uchaguzi bado, na mahali pakishajulikana kila sentensi itasomwa kama fumbo la kumpigia debe fulani. Itoshe kusema ni mojawapo ya dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yenye sharika za mlimani na za bondeni, na mji mmoja wa lami.

Hadidu za rejea ni ukurasa mmoja. Nimepigia mstari kifungu kimoja: timu itakusanya maoni, haitapokea wala kupendekeza jina la mtu yeyote. Kwa katiba yetu majina yanapitia Halmashauri Kuu, kisha wajumbe wa Mkutano Mkuu, wachungaji kwa walei, wanapiga kura ya siri. Msharika wa kawaida hapigi. Yeye anawakilishwa, na mara nyingi habari za uwakilishi huo humfikia kwenye matangazo ya Jumapili, kati ya ndoa zinazotangazwa mara ya pili na taarifa ya michango ya jengo.

Mwenyekiti alitufungulia kikao kwa historia, nami nimeiandika maana itatufaa kujibu watu. KKKT ilizaliwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba ya Kilutheri, na kila moja lilikuja na desturi lilizoachiwa na wamisionari wake, Wajerumani, Waswidi, Wamarekani na wengineo. Bukoba walikuwa na askofu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mswidi Bengt Sundkler, ambaye mwaka 1964 alimpisha Josiah Kibira, yuleyule aliyechaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kwenye mkutano wa Dar es Salaam mwaka 1977. Kwingine walianza na rais wa sinodi, askofu akaja baadaye. Hadi leo kila dayosisi ina katiba yake. Mtu akikwambia "KKKT askofu huchaguliwa hivi", muulize kwanza ni dayosisi gani.

Oktoba, mwisho wa mwezi

Rasimu ya kwanza ya dodoso ilitoka ofisini ikiwa na maswali mengi, mengine yana mistari mitatu: "Ni kwa kiwango gani unaona uongozi shirikishi unachangia ustawi wa huduma..." Mama Mwalimu aliisoma yote kimya, akaivua miwani. "Haya ni maswali ya semina," akasema. "Mtu akimaliza kuyasoma ibada ya pili imeshaanza."

Tumebaki na manne. La kwanza: askofu mpya akija kukaa kwenu siku tatu, ungependa aone nini? La pili: dayosisi inafanya jambo gani vizuri ambalo lisiachwe? La tatu: jambo gani limekwama? La nne: mtu wa kazi hiyo awe mtu wa namna gani?

Chini ya hayo tunauliza usharika, umri na jinsia. Jina hapana, wala namba ya simu. Mchungaji mwenzetu alitaka namba "ili tuweze kufuatilia". Kijana wa takwimu akamjibu kwamba hicho ndicho watu watakachokiogopa, kufuatiliwa. Kisha akaongeza la sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo karatasi yenye jina la mtu, dini yake na malalamiko yake dhidi ya viongozi wake si kitu cha kuacha kwenye droo. Hoja ikafungwa.

Novemba

Jaribio tumefanya kwenye usharika wa mjini, baada ya ibada ya kwanza. Anayepanga kugawa fomu baada ya ibada asisahau kwamba kuna mnada. Nilikuwa nimesimama mlangoni na rundo langu wakati mzee wa kanisa anamnadi jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, bei inapanda kwa elfu elfu, na kila mtu niliyemkabidhi karatasi aliitumia kujipepea huku anatazama nani atashinda. Jogoo alichukuliwa na kwaya. Fomu zilizorudi siku ile zilitosha kutufundisha mambo mawili tu.

La kwanza, fomu zitolewe kwenye jumuiya, nyumba kwa nyumba, si kanisani. Jumuiya watu wamekaa, wanajuana, wana dakika za kufikiri, na asiyeandika ana jirani wa kumwandikia. Hatari yake tunaijua: jirani naye ana maoni yake. Kwa hiyo kila jumuiya itapata mwandishi kutoka jumuiya nyingine.

La pili ni zito zaidi. Swali la nne lilijibiwa vizuri mno. Karibu kila mtu alirudisha Timotheo wa Kwanza sura ya tatu: asiyelaumika, mpole, mkaribishaji, asiyependa fedha, mume wa mke mmoja. Ni kweli yote, na hakuna mchungaji katika dayosisi hii atakayesimama aseme yeye si hivyo. Ripoti ikijaa sifa hizo, mjumbe wa Mkutano Mkuu ataisoma na kumwona humo mtu wake aliyekwisha mchagua moyoni.

Swali la kwanza ndilo lililotoa chakula. Aone choo cha Shule ya Jumapili. Aone jinsi hospitali ya dayosisi inavyozuia maiti mpaka deni lilipwe. Aone mtaa, yaani tawi la usharika, ambao haujapata Chakula cha Bwana tangu Pasaka kwa sababu mchungaji mmoja ana mitaa mingi na pikipiki moja. Mtu aliyeulizwa habari za nyumbani kwake anakuchorea askofu anayemhitaji bila kukusudia. Kuanzia hapa waandishi wetu wataanza na swali la kwanza na kulikalia, na la nne litajibiwa na atakayekuwa na muda.

Desemba

Watu wa mjini wameanza kurudi kwa ajili ya Krismasi. Nawaita wa mjini kama tunavyowaita nyumbani, maana yake ni wenzetu walioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata nje ya nchi. Kanisa linajaa hadi nje, bahasha zinanenepa, na kila mmoja ana maoni kuhusu askofu.

Tulibishana sana kama tuwapokee. Kwa daftari la usharika wengi si washarika wetu tena. Wanaabudu huko waliko na baadhi wana bahasha huko. Lakini ni wao waliolipa bati, ni wao wanaozikwa hapa, na ni wao wanaowapigia simu wajumbe. Mwinjilisti alisema waachwe, "wana midomo mirefu ya kutosha bila fomu yetu". Mama Mwalimu akasema wasikilizwe.

Tumeamua wasikilizwe lakini fungu lao liwekwe pembeni. Fomu yao ina alama juu, na hazitachanganywa na za wakazi. Na kazi ya jumuiya haitafungwa kabla ya Januari kwisha, kwa sababu maoni yakikusanywa wiki mbili za sikukuu pekee, dayosisi itaonekana kuwa na vijana wengi wa kiume wenye ajira na magari. Januari utaitambua dayosisi yenyewe.

Tofauti imeshaanza kuonekana. Wa mjini wanataka askofu mwenye shahada za juu, anayeongea vizuri kwenye runinga, mwenye wafadhili Ujerumani na Marekani. Wakazi wanataka anayejibu barua.

Januari

Fomu ya mtandaoni imefunguliwa kwa ajili ya vijana, ikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya na ya umoja wa vijana. Imejaa haraka. Nyingi zinasema neno moja: uwazi. Ukiwauliza uwazi wa nini, wanasema wa michango. Kuna mchango wa jengo, wa shule ya sekondari, wa hospitali, wa Mkutano Mkuu, wa kumuaga askofu na wa kumkaribisha atakayekuja. Binti mmoja wa kwaya aliandika kwamba tangu apate kipaimara ametoa pesa kwa majengo ambayo hajawahi kuyaona hata kwenye picha.

Wazee wenye simu za kitochi hatujawaweka huko. Wao ni karatasi na mazungumzo.

Nilimwendea mzee mmoja aliyewahi kuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu enzi hizo, nikamwamkia, nikaeleza shida yangu. Akacheka. "Mwanangu, Mathiya alipatikana bila fomu." Nikamwambia ni kweli, lakini Petro alisimama kwanza mbele ya ndugu wote wapata mia na ishirini, akawaeleza jambo lenyewe, kuijaza nafasi ya Yuda, na aina ya mtu anayetakiwa, ndipo wakaweka mbele wawili. Mzee akanyamaza kidogo, akaniambia nikae. Maelezo yake yamechukua kurasa nyingi, na sehemu kubwa ni juu ya uhamisho wa wachungaji: anayemkosoa mkubwa anapelekwa mbali na shule ya watoto wake. Amekataa tuandike hata umri wake.

Februari, wiki ya pili

Wainjilisti. Hili ndilo kundi nililolifikiria tangu mwanzo na ndilo lililotuponyoka zaidi. Mwinjilisti ndiye anayekaa na mtaa siku zote. Anazika, anafundisha kipaimara, anafungua kanisa na kulifagia, na posho yake inategemea sadaka ya mtaa ilivyoamka Jumapili hiyo. Anajua kila kitu, na fomu zao zimerudi zimeandikwa "yote ni mema, Bwana asifiwe".

Mwenzetu mwinjilisti alitueleza sababu bila kuzungusha: fomu zilipitia kwa mchungaji wa usharika. Wala hakuna mchungaji aliyezuia kitu. Bahasha kupitia mezani pake ilitosha.

Tumebadilisha utaratibu. Wainjilisti wa kila jimbo walikuwa na semina yao ya kawaida, tukaomba saa moja baada ya chakula cha mchana, wachungaji wakiwa wametoka. Hakuna kuandika. Mwinjilisti wetu aliongoza mazungumzo, mimi nikaandika hoja bila kuandika nani kasema. Dakika za mwanzo zilikuwa za kukohoa na kunywa soda. Kisha mmoja akasema amemaliza mwaka mzima mtaa wake haujaona mgeni kutoka ofisi ya dayosisi ila mkaguzi wa vitabu. Baada ya huyo hatukuweza kuwanyamazisha hata kwa sala ya kufunga.

Februari, wiki ya mwisho

Mambo mawili yametokea wiki moja, na nadhani ni jambo moja.

Kwanza, kutoka usharika mmoja wa mlimani limekuja rundo la fomu lenye mwandiko mmoja. Kalamu ileile ya bluu, herufi "k" yenye mguu mrefu, na kwenye swali la nne zote zinataka mtu "aliyezaliwa na kukulia upande wa juu, mwenye uzoefu wa ujenzi wa sekondari". Katika dayosisi hii mtu huyo ana jina, na kila mtu analijua. Kijana wa takwimu alitaka tuzitupe. Tumeziweka kwenye bahasha yake, tumeandika juu kwamba hazitahesabiwa na sababu yake, na tumemwomba mkuu wa jimbo turudi wenyewe kwenye jumuiya zile. Tulipozungumza nao uso kwa uso, nusu ya waliohudhuria hawakuwa wamewahi kuiona fomu.

Pili, kwenye makundi ya simu imezunguka picha ya mchungaji mmoja kutoka bondeni, nyuma yake mawingu na mwanga, na chini maneno "Safari hii ni zamu yetu". Mwenyewe amekana kuhusika, na namwamini. Mashabiki wa uchaguzi wa serikali za mitaa ndio haohao wanaokaa kwaya, na ujuzi wao hawauachi mlangoni.

Wazee hawakulichukulia kama mzaha. Wanakumbuka mgogoro wa Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu walipovutana na kuumizana juu ya kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini, na wote tumesoma magazeti ya mwaka 2022 kuhusu Dayosisi ya Konde na suala la makao yake makuu, Tukuyu au Mbeya. Mambo haya yakianza huwa hayaonekani kama dhambi. Yanaonekana kama haki ya upande fulani. Tumeandika tangazo fupi lisomwe kila usharika: timu hii haipokei majina, fomu yenye jina la mtu itawekwa kando, na hakuna mahali popote katika katiba penye zamu. Mchungaji mmoja aliniambia baada ya kulisoma waumini walipiga makofi upande mmoja wa kanisa tu.

Machi

Masika yameshika. Gari la dayosisi limetufikisha hadi mwisho wa changarawe, mengine tumepanda kwa miguu, viatu mkononi. Jumuiya ya juu kabisa ilikuwa imekusanyika kwa bibi mmoja ambaye hatoki tena ndani kwa sababu ya magoti. Ndani moshi wa kuni, mahindi yametundikwa juu ya meko, benchi mbili na ndoo zilizopinduliwa.

Bibi aliniita mjukuu, akaniuliza kama najua kuandika haraka. Nikasema najitahidi.

"Andika. Askofu alikuja mara ya mwisho kufungua kanisa. Alikuja kiangazi. Tulifagia barabara, tukachinja, watoto wakaimba. Akaona pazuri. Huyo mpya aje sasa hivi." Akaelekeza kidole mlangoni, mvua inateremka kama imemwagwa. "Aje aone tunavyomteremsha mgonjwa."

Hakuna aliyeongeza kitu kwa dakika nzima. Kisha baba mmoja akasema kitanda cha kubebea wagonjwa wamekitengeneza wenyewe, na kwamba zahanati ya kanisa iliyoko chini haina muuguzi wa usiku. Hapo swali la tatu likawa limejijibu.

Nimeliandika neno la bibi kama alivyolisema. Kati ya maoni yote niliyopokea kwa mkono wangu, hilo ndilo linaloweza kugeuzwa kuwa utaratibu kesho asubuhi: ratiba ya ziara za askofu ipangwe na masika yamo.

Machi, mwisho wa mwezi

Hatukuuliza kama askofu anaweza kuwa mwanamke. Watu wamelileta wenyewe, hasa kwenye jumuiya za kina mama, na lilipofika tuliliandika.

Nilidhani najua mgawanyiko utakavyokuwa, vijana upande huu na wazee upande ule. Sivyo. Upinzani mkali kuliko wote ulitoka kwa vijana wa kiume wenye elimu, wakiwa na mistari ya Biblia waliyoihifadhi kwenye simu. Mabibi kadhaa hawakuona shida. Mmoja alisema tangu mchungaji wao mwanamke aje, watoto hawalii kwenye ubatizo, na kama anaweza hilo basi mengine ni ofisi tu. Kina baba wengi walikwepa: "Wakati ukifika."

Mama Mwalimu aliniomba niandike kumbukumbu kwa ajili ya ripoti, nikaiandika kwa ufupi. KKKT ilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika Ulutheri wa dunia, Maria Jepsen alichaguliwa askofu Hamburg mwaka 1992. Na jirani kabisa, wenzetu Waanglikana wa Kenya walimweka wakfu Rose Okeno kuwa askofu wa Butere mwaka 2021. Jambo hili si ngano ya Ulaya tena. Katiba yetu haisemi lolote kwa upande wowote, inasema "mchungaji".

Aprili, baada ya Pasaka

Uchambuzi umefanyika kwenye ukumbi wa vijana, meza nne zimeunganishwa. Kila hoja imenakiliwa kwenye kadi yake, kadi zinasomwa kwa sauti, na watu wawili wanaamua inaingia fungu gani. Wakitofautiana, wa tatu anaamua. Inachosha, lakini kompyuta isingejua kwamba "askofu awe na sikio" na "askofu asiwe na watu wake" kwa watu wa kwetu ni lalamiko moja.

Kijana wa takwimu alitupa somo ambalo wachungaji wote wawili waliliandika. Tulikuwa tumepanga jedwali kwa usharika, umri na jinsia. Akatuonyesha mtaa mmoja wenye msichana mmoja tu aliyejibu. Kwenye jedwali angekuwa mstari mmoja, na mchungaji wake angemjua kabla hajamaliza chai. Basi mitaa midogo imeunganishwa, na fungu lenye watu wachache halionyeshwi peke yake. Kutoandika jina kulikuwa hakutoshi.

Mafungu yaliyojaa ni haya: taarifa za fedha za dayosisi kurudi hadi kwenye usharika, hali ya wainjilisti, uhamisho wa wachungaji, hospitali na zahanati, na askofu kufika mahali pasipo na sherehe. Sifa za kiroho zimo kila fomu, nasi tumeziandika mwanzoni kwa heshima yake. Kinachosifiwa na kisiachwe: shule za dayosisi, kwaya, na desturi ya askofu anayeondoka kukaa na watoto baada ya kipaimara bila haraka. Hilo la mwisho limeandikwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia, baadhi yao wakiwa wakosoaji wake wakubwa.

Mei

Kabla ripoti haijapanda juu tumeirudisha chini. Wazo ni la Mama Mwalimu na lilipingwa sana ofisini, kwamba ni kupoteza muda na kuchochea mjadala. Muhtasari wa kurasa mbili ulisomwa kila jimbo mbele ya wawakilishi wa jumuiya, na watu wakaulizwa swali moja: mmesema hivi?

Kwingi walisema ndiyo. Bondeni walisema hapana mahali pamoja, na walikuwa na haki. Tulikuwa tumeandika "migogoro ya ardhi", wao walisema ardhi gani, ni shamba la kanisa lililokodishwa kwa mtu bila wao kujua, na msitufichie kwa neno kubwa. Tumerekebisha.

Kisha ukaja mvutano wa fedha. Kiongozi mmoja mwenye nafasi ofisini alitaka sehemu ya taarifa za fedha "ilainishwe", maana ripoti inaweza kuvuja na wafadhili wakaiona. Mwenyekiti wetu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alimjibu kwamba sehemu hiyo imekwisha somwa kwenye majimbo yote, na ikipungua hata mstari mmoja wale waliosikia watajua nani kaufuta. Imebaki kama ilivyo. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri Mama Mwalimu alikuwa anajenga nini alipong'ang'ania kurudi kwa watu.

Maoni ya wa mjini yamewekwa kama kiambatisho. Baadhi hawajafurahi, na mmoja amepiga simu kuuliza kama bati nalo tutaliweka kiambatisho.

Juni

Ripoti imekabidhiwa kwa Halmashauri Kuu. Kila mjumbe wa Mkutano Mkuu atapewa nakala kamili mwezi mmoja kabla ya kura, siyo mlangoni siku yenyewe, na hilo limeingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Tumeomba pia wale watakaopendekezwa wapewe na kuulizwa, mbele ya wajumbe, watafanya nini na mambo matano yaliyojaa. Ombi hili limekubaliwa nusu: watapewa nakala, kuulizwa bado kunajadiliwa, kwa hoja kwamba askofu haombi kazi, huitwa. Mimi naona aliyeitwa naye anaweza kuulizwa.

Fomu za karatasi ziko kwenye kabati la chuma, ufunguo mmoja ninao mimi na mwingine mwenyekiti. Zitachomwa mbele ya wajumbe wa timu baada ya askofu mpya kuwekwa wakfu na Mkuu wa KKKT, kama tulivyowaahidi watu. Fomu ya mtandaoni imefungwa na majibu yake yamefutwa kwenye akaunti ya kijana, yamebaki kwenye nakala moja ya ofisi.

Sharika mbili za bondeni hazijasomewa muhtasari kwa sababu daraja lilikatika. Mwinjilisti ameenda na bodaboda upande wa pili.

Tumeandika pia barua ya kupendekeza maswali yaleyale manne yarudishwe kwa jumuiya zilezile baada ya askofu mpya kukaa miaka mitatu kazini, na majibu yasomwe mbele yake. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Jibu bado.